Bohari Tupu Lipewe Wasanii

Ndugu zangu wa Garissa, jengo la umma likikaa miaka mingi bila kazi huingiliwa na mchwa au na mnyakuzi wa ardhi. Naomba msanii awatangulie wote wawili.

Jambo hili limekwisha kufanyika kwingine. Mwaka 2003 wasanii wa Nairobi walilichukua ghala la Industrial Area lililokuwa karakana ya magari, wakaliita GoDown. Wachoraji, wanamuziki na wacheza dansi wakawa wanakwenda pale kufanya kazi kama mafundi wengine. Dar es Salaam nako, Nafasi Art Space ilianza mwaka 2008 katika eneo la viwanda vidogo la Mikocheni, makontena ya meli yakageuzwa vyumba vya wasanii.

Sisi viwanda vikubwa hatukujengewa. Tangu Desemba 1963 hadi mwanzoni mwa miaka ya tisini tulitawaliwa kwa sheria za hali ya hatari, na maendeleo yakatupita. Basi hata bohari moja kuukuu la serikali latutosha, maana sanaa yenyewe tunayo. Mama wa Kisomali hupinda vijiti, akasuka mikeka ya nyuzi za magome, akasimamisha nyumba nzima ambayo kesho itapakiwa juu ya ngamia. Chombo cha maziwa hukifuma kwa mizizi ya miti, akikaza duara juu ya duara hata tone lisivuje, kisha hukifukiza moshi ili maziwa yakae na yanukie. Mama huyohuyo, harusini, hutunga mashairi ya buraanbur na wenzake wakamwitikia kwa makofi. Wamunyoyaya wa kando ya Tana nao wana yao. Je, binti anayekulia mtaa wetu wa Bulla Iftin katika nyumba ya mawe atajifunzia wapi haya, na bibi zetu wanatutoka mmoja baada ya mwingine?

Wako watakaosema maji kwanza. Nawaelewa, ukame ulioanza mwaka 2020 ulitumalizia mifugo. Lakini mfugaji aliyepoteza ng'ombe wake amebakiwa na mikono, na mkeka uliosukwa vizuri hununua unga.

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi kaunti shughuli za utamaduni. Waheshimiwa wa kaunti, msitujengee ukumbi wa kufunguliwa sikukuu tu kwa ajili ya hotuba. Tupeni mahali pa kazi. Paa liinuliwe na kuta zitobolewe matundu ya hewa, kwa sababu saa nane mchana chini ya mabati ya Garissa hakuna awezaye kushika sindano. Kazi ifanywe asubuhi, na tena baada ya Isha. Akina mama wawe na saa zao na ufunguo wao. Na kabla ya kupaka rangi yoyote, hati ya kiwanja iandikwe kwa jina la umma, pamoja na sharti kwamba hakiuzwi wala hakibadilishwi matumizi.