Kontroli boksi ghali, kocha hakuna

Ugonjwa wa usajili uliopo kwenye soka upo pia kwenye mbio za magari. Dereva wa Moshi anauza kiwanja, ananunua kontroli boksi ya bei mbaya kwa ajili ya Subaru yake yenye tabo, halafu fundi wa kuiseti anatafutwa baadaye, yeyote mwenye laptopu.

Huko ni kusajili straika wa mamilioni bila kocha. MoTeC, Haltech, Link, zote zinajua kugawa mafuta na kuwasha plagi kwa wakati wake. Mlima haziujui mpaka fundi azifundishe.

Dar es Salaam ni usawa wa bahari. Moshi mjini ni zaidi ya mita 800, na Geti la Marangu limevuka 1,800, ambako hewa imekuwa nyepesi kwa karibu moja ya tano. Gari iliyosetiwa pwani ikidaiwa nguvu ileile huko juu, tabo inazungushwa kupita kiasi, hewa inaingia ikiwa ya moto, injini inagonga, pistoni inatoboka. Bei ya boksi haizuii hilo.

Basi fundi abanwe kabla ya kulipwa. Atapanda na gari mpaka Marangu akisoma vipimo njiani? Ataiseti kwa petroli ya sheli za Moshi? Injini ikigonga, boksi itashusha presha ya tabo yenyewe? Na nywila atabaki nayo nani? (Akiondoka nayo, gari ni yake hiyo.)

Akijikanyaga, boksi ya kiwandani ibaki msimu huu, hela inunue matairi.