Nyumba na Malezi: Vishale vya Uani Vilivyopotewa na Jina

Huko Marekani ni desturi ya watu wengi, hasa Jumamosi za majira ya joto, kutandika mbele ya nyumba zao vitu wasivyovihitaji tena na kuviuza kwa bei ndogo. Jamaa waliotoka Kongo na Burundi wakahamia huko, ambao majumbani mwao bado husemwa Kiswahili, hupata hapo vyombo, vitanda na vitu vya kuchezea watoto. Lakini kati ya vitu hivyo huweza kutokea kimoja ambacho hata muuzaji, akiulizwa, hawezi kukitaja jina, kwa kuwa alikikuta tu katika banda la wazazi wake.

Ni vishale vinne, viwili vya rangi moja na viwili vya rangi nyingine, pamoja na pete mbili kubwa za plastiki. Kishale kimoja kina urefu wa sentimita 30 hivi na uzito unaokaribia robo kilo. Mbele kina kichwa kizito cha chuma chenye ncha. Nyuma kina mabawa ya plastiki, ambayo kwa kawaida yamekwisha kupauka kwa jua. Pete zikiwa zimepotea, mtu huweza kudhani ni kigingi cha bustani. Askari hatadanganyika: ataona umbo la bomu la mota, mzigo mbele na mapezi nyuma.

Kifaa hicho ni mchezo wa uani uliopendwa sana na jamaa za Kimarekani katika miaka ya 1960 na 1970, na jina lake mojawapo ni Jarts. Pete moja hulazwa upande huu wa majani na ya pili upande wa pili. Mchezaji hushika kishale kwa nyuma, huzungusha mkono kutoka chini kando ya paja, na kukirusha juu ili kishuke wima ndani ya pete ya mbali na kujichoma ardhini. Wazee walicheza huku nyama ikichomwa, na watoto wakizunguka miguuni. Hapo ndipo penye shida.

Kishale hicho kilitengenezwa makusudi kishuke ncha ikitangulia. Uzito wote umewekwa mbele, na mabawa hukizuia kisipinduke. Hata kikirushwa vibaya na mkono wa mtoto, kikishafika juu hujigeuza chenyewe na kushuka kama kilivyokusudiwa, na nguvu yote hukusanyika katika ncha moja. Fuvu la mtoto haliwezi kuihimili.

Serikali ya Marekani ilikwisha kuliona jambo hilo mapema. Mwaka 1970 iliamuru vishale hivyo viwe na maandishi ya onyo na visiuzwe kama vitu vya watoto. Onyo lile liliandikwa kwa ajili ya mnunuzi dukani. Kasha la karatasi ndilo la kwanza kuoza katika nyumba yoyote, na mtoto anayekuta kishale nyuma ya mlango hasomi kasha. Mwezi wa Aprili 1987, katika mji wa Riverside, jimbo la California, msichana wa miaka 7 aliuawa na kishale kilichorushwa na watoto wenziwe. Baba yake alikuwa amenunua seti ya michezo kadhaa kwa sababu alitaka mpira wa wavu. Vishale vilikuja navyo tu. Baada ya msiba huo mzazi huyo hakunyamaza. Uchunguzi ulionyesha kwamba katika muda wa miaka 8 watu wapatao 6,100 walikuwa wametibiwa hospitalini kwa majeraha ya vishale hivyo, wengi wao watoto, na watoto watatu walikwisha kufa. Tarehe 19 Desemba 1988 uuzaji wake ulipigwa marufuku nchini humo. Kanada nayo ikafanya hivyo mwaka uliofuata.

Sheria ilifunga maduka, lakini haikuingia katika mabanda. Mwaka 1997, baada ya mtoto mwingine kujeruhiwa kichwani, serikali ililazimika kuwakumbusha wananchi waviharibu vishale walivyobaki navyo.

Kwa hiyo mzazi atakayeviona sokoni hana haja ya kubabaika na jina. Atazame ncha. Vipo vishale vya siku hizi vilivyo salama zaidi, ambavyo kichwa chake ni butu na cha mviringo, wala havichomi udongo. Lakini kile chenye chuma kilichochongoka kisinunuliwe hata kwa senti, na aliyekwisha kukinunua asimpe jirani. Akate mabawa, afungie kichwa cha chuma katika kitambaa kinene au mkebe, kisha avitupe mbali mbali, ili mwokota taka asije akaviunganisha tena.