Kamina: makofi ya heshima si amri kwa simu

Hivi karibuni, kwenye matanga moja hapa Kamina, shefu wa kimila alifika kutoa pole. Kama desturi ya Baluba inavyotaka, watu waliinama na kumpigia makofi ya heshima, pole pole. Kabla hajaketi, simu ya kijana mmoja ikaanza kulia kwa sauti kubwa, taa yake ikiwaka na kuzimika. Hakuna aliyekuwa amempigia. Kijana alikuwa ameweka programu ya kutafuta simu kwa makofi, nayo ilidhani mwenyewe anaitafuta. Wazee walikasirika, vijana wakacheka.

Kwa maoni yangu, kosa halikuwa la kijana peke yake. Programu ile ilitengenezwa na watu wasiojua kwamba kwetu makofi ni salamu. Vijana wetu wanaosoma informatiki wanaweza kutengeneza iliyo bora zaidi, na wanapaswa kufanya hivyo.

Wazo lenyewe si baya. Mtu asiyeona anaweza kupiga makofi mara mbili, simu ikamwambia saa ngapi. Mama mwenye unga mikononi anaweza kunyamazisha redio ya simu bila kuigusa. Wala si jambo jipya. Huko Marekani, tangu miaka ya 1980, watu wamekuwa wakinunua kifaa kinachoitwa The Clapper, cha kuwasha na kuzima taa kwa makofi. Nacho kilijulikana kwa kudanganyika: mtu akikohoa au mbwa akibweka, taa inaweza kuwaka.

Sababu ni rahisi kuelewa. Mikrofoni inageuza sauti kuwa namba, mara nyingi namba 44 100 kwa kila sekunde. Programu inachunguza namba hizo na kutafuta sauti inayopanda ghafla, kisha kufa upesi. Kofi linafanya hivyo, lakini hata mlango unaofungwa kwa nguvu, au mchi unaotwanga sombe kwenye kinu, unafanya vivyo hivyo. Programu ya kivivu inahesabu tu: sauti mbili kali ndani ya sekunde moja, basi, ni amri.

Dawa ipo, na haihitaji mashine ya bei kali. Makofi ya heshima yanafuatana kwa mfululizo. Makofi ya kanisani pia, hasa katika misa ya desturi ya Zaire, ambayo Roma iliikubali mwaka 1988, yanafuata wimbo mpaka mwisho. Kwa hiyo programu ifundishwe kungoja: kimya kwanza, makofi mawili, kisha kimya tena. Likija kofi la tatu, iache. Tena isipime ukali wa sauti peke yake, bali ilinganishe na kelele iliyokuwapo kabla, kwa sababu nyumba yenye jenereta mlangoni si sawa na chumba kimya. Na kwa mtu asiyeweza kupiga makofi, ikubali agonge meza.

Kuna jambo zito kuliko aibu ya matanga. Ili simu isikie makofi, mikrofoni lazima ibaki wazi wakati wote. Hiyo inakula chaji, na wengi wetu tunalipa franka ili kuchajisha simu. Zaidi ya hayo, mikrofoni iliyo wazi haisikii makofi tu. Inasikia mazungumzo ya nyumbani, ya biashara na ya siasa.

Kutambua makofi hakuhitaji intaneti hata kidogo. Hesabu yote inafanyika ndani ya simu. Basi programu ya makofi inayoomba pia namba za marafiki zako, au mahali ulipo, inatafuta kitu kingine. Iondoe. Simu za Android 12, iliyotoka mwaka 2021, na zilizofuata zinaonyesha alama ya kijani juu ya kioo mikrofoni inapotumika. Tuzoee kuitazama. Inchi yetu ina sheria ya mambo ya dijitali tangu tarehe 13 Machi 2023, na inazungumzia ulinzi wa habari za mtu binafsi. Lakini sheria haitakuja kukufungia mikrofoni mfukoni. Ruhusa unaitoa wewe kwa kidole chako.

Ndiyo maana ninawaomba wanaofundisha informatiki hapa Kamina wawape wanafunzi kazi hii: programu ndogo, isiyotumia intaneti, isiyohifadhi sauti ya mtu. Waijaribu sokoni, kanisani na mbele ya wazee. Ikipita mitihani hiyo mitatu, mimi nitakuwa wa kwanza kuiweka katika simu yangu.

Wakati tunaingoja, vijana, mukienda matanga, muzime zile mulizo nazo.