Spea ni halisi, lakini si ya gari lako

Wiki mbili zilizopita nilifika Unyambwa, hapa hapa Manispaa ya Singida, kwa mzee mmoja ambaye ni msikilizaji wetu wa siku nyingi. Alikuwa amepiga simu kwenye kipindi akilalamika kuhusu spea. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akanipeleka nyuma ya nyumba. Land Rover yake ndefu, ile ya inchi 109, ilikuwa imeinuliwa juu ya matofali, magurudumu yametolewa. Ukutani yalipangwa magunia ya alizeti yanayosubiri kupelekwa kukamuliwa mafuta.

"Mwanangu, spea hii ni nzima na ni halisi," aliniambia huku akinipa boksi. "Shida yake moja tu, gari hili siyo lake."

Mzee alituma pesa kwa simu kwenye duka moja Dar es Salaam, akaomba brek shuu za Land Rover ya zamani. Mzigo ukaja na basi baada ya siku tatu. Fundi alipozipima akakuta ni za inchi 10. Hizo ni za Land Rover fupi, ile ya inchi 88. Ndefu inatumia dramu ya inchi 11. Inchi moja tu, lakini inchi hiyo imemgharimu nauli ya mzigo wa kwenda na kurudi, siku za fundi, na mteja wa alizeti ambaye hakusubiri. Muuza duka naye ana hoja yake: aliombwa shuu za Land Rover ya zamani, na ndizo alizotuma.

Hapa ndipo ninapoona mjadala wetu wa spea umeelemea upande mmoja. Tukizungumzia spea, tunazungumzia feki. Tume ya Ushindani, FCC, inakamata bidhaa bandia kwa kutumia Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na TBS inashughulika na viwango. Kazi hiyo inahitajika sana, hasa kwa breki na usukani. Lakini hakuna ofisa atakayemsaidia mzee wetu, kwa sababu boksi lake halina udanganyifu wowote. Spea halisi iliyokosea gari inakula pesa ileile inayoliwa na spea feki, tena mara nyingi ni zaidi, maana halisi ni ghali. Na sisi wa mbali na Gerezani na Kariakoo ndio tunaoumia zaidi. Wa Dar anarudi dukani mchana huohuo na kubadilisha.

Nilipokuwa natafuta majibu kwa ajili ya kipindi, nilijikuta nasoma habari za watu ambao sikutegemea wana shida kama yetu: wanaofufua magari ya mbio ya zamani.

Wazee wetu wanakumbuka Safari Rally, mashindano yaliyoanza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Vijana wanayajua kwa sababu mwaka 2021 yalirudi kwenye ubingwa wa dunia, na picha za Naivasha zinajaa kwenye simu. Mwaka 1971 yalishindwa na Edgar Herrmann akiendesha Datsun 240Z, gari dogo la michezo la milango miwili, boneti ndefu, injini ya silinda sita. Mwaka 1973 Shekhar Mehta akashinda na gari la aina hiyohiyo. Gari la ushindi wa 1971 limehifadhiwa na Nissan yenyewe huko Japani. Mengine ya aina hiyo bado yanakimbia, yakiwemo yanayoshiriki East African Safari Classic, mashindano ya magari ya zamani yaliyoanza mwaka 2003.

Sasa jiulize, mwenye Datsun ya miaka hamsini anaitafutia vipi klachi? Akisema tu "naomba klachi ya Datsun Z", ameshapotea kama mzee wetu. Baada ya 240Z ilikuja 260Z, halafu 280Z. Kwa macho zinafanana kama mapacha. Lakini 240Z ina klachi ya milimita 225, na baadhi ya ndugu zake waliofuata, wale wa viti vinne, wana ya milimita 240. Kibaya zaidi, urefu wa presha pleti unatofautiana, na kila moja ina kikombe chake kinachoshika bearing ya klachi, kingine kirefu, kingine kifupi. Ukichanganya kikombe cha hii na presha pleti ya ile, kila kitu kitafunga vizuri, bolti zote zitaingia. Utashusha gari chini, utakanyaga klachi, na gia haitaingia. Gia boksi inashushwa upya. Fundi yeyote wa Singida anayesoma hapa ameshaguna, maana amewahi kuishusha mara mbili kwa kosa la namna hiyo.

Kwa hiyo wenye magari yale hawaanzi na jina. Wanaanza na namba ya chesisi. 240Z ya usukani wa kulia, kama tunavyotumia sisi, namba yake inaanza na HS30. Ya usukani wa kushoto inaanza na HLS30. Wakitoka hapo wanakwenda kwenye injini, na hapa kuna mtego ambao huku kwetu ni mkubwa kuliko kwao. Injini halali ya 240Z imeandikwa L24 kwenye bloku. Lakini magari mengi ya aina hiyo yamebadilishwa injini miaka ilivyokwenda, yakawekwa L28 ya gari lililofuata. Ukiagiza gasketi kwa namba ya chesisi utaletewa ya L24, wakati chini ya boneti kuna L28. Silinda hedi nayo ina alama yake iliyochongwa, E31 au E88 au nyingine, na hedi huweza kutoka gari moja ikaenda lingine. Kwa hiyo gari moja linasomwa mahali patatu au pane, kila sehemu kwa namba yake.

Rudi Unyambwa. Land Rover ngapi unazozijua zina injini ya Nissan au ya Isuzu? Ukitaja kwa muuza duka "Land Rover", ukamwomba plagi au pampu ya mafuta, umemwambia uongo bila kukusudia. Kwa vitu vya injini soma injini. Kwa breki, springi na bushi soma chesisi, na hata hapo hakikisha hakuna aliyebadilisha ekseli. Na kwa wenye Land Rover za zamani, mwishoni mwa namba ya chesisi huwa kuna herufi moja. Usiiache. Herufi hiyo ndiyo inayoonyesha gari lilitengenezwa baada ya mabadiliko yapi, na vitabu vya spea vinaitumia kugawa vifaa.

Wengi wenu mna Toyota, Noah au Hiace, zilizoletwa zikiwa zimetumika Japani. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayana ile namba ndefu ya tarakimu na herufi 17. Yana kodi ya modeli, kistari, halafu namba ya gari. Noah ya zamani, kwa mfano, huanza na SR50. Ipo kwenye kibati ndani ya chumba cha injini, na inatakiwa kuwa ileile iliyo kwenye kadi ya gari uliyopewa na TRA. Muuza duka akikuambia "niambie mwaka tu, inatosha", mwambie haitoshi. Mwaka ulioandikwa unaweza kuwa wa kusajiliwa, wakati kiwanda kilishabadilisha kifaa miezi kadhaa kabla.

Halafu kuna namba ya spea yenyewe. Hii naipenda kwa sababu ukishaijua huwezi kudanganyika kirahisi. Kwa Toyota na Nissan kwa kawaida ni tarakimu na herufi kumi, tano, kistari, tano. Tano za mwanzo zinasema ni kifaa gani. Brek padi za mbele za Toyota ni 04465, za nyuma ni 04466, brek shuu za nyuma ni 04495. Kwa Nissan, padi za mbele ni 41060 na oil filta ni 15208. Tano za mwisho ndizo zinazosema ni ya gari lipi. Kwa hiyo mtu akikuonyesha boksi na kusema "hii hapa 04465, kama yako kabisa", amekuthibitishia kwamba ni padi za mbele za Toyota. Ya Toyota ipi, bado hajasema. Ila usikimbilie kugombana: kiwanda huweza kubadilisha namba ya zamani kwa mpya wakati kifaa ni kilekile. Duka lenye katalogi litakuonyesha kwamba namba hii imechukua nafasi ya ile. Lisiloweza kukuonyesha, subiri kutuma pesa.

Kuna habari njema kidogo. Toyota ilianza kutengeneza upya spea za magari yake ya zamani, na miongoni mwa ya kwanza lilikuwa 2000GT, gari la michezo la miaka ya 1960 lililotengenezwa kwa idadi ndogo sana. Mwaka 2021 ikatangaza kuiingiza Land Cruiser ya mfululizo wa 40, ile ambayo misheni na halmashauri zetu ziliitumia miaka mingi. Nasema kidogo kwa sababu bei yake haitakuwa ya mkulima wa vitunguu. Lakini inasaidia kwa njia nyingine: kiwanda kikitengeneza upya kifaa, namba yake inakuwa hai tena kwenye katalogi, na hata anayenunua cha mtumba anaweza kulinganisha.

Mzee wa Unyambwa tulifanya naye hivi. Tulipiga picha kibati cha gari kwa simu yake, kisha namba ya chesisi baada ya kuisugua kutu kwa msasa. Tukapiga shuu ya zamani picha mbele na nyuma, tukiwa tumelaza pembeni rula ya mjukuu wake anayesoma darasa la nne. Kama huna intaneti, tuma namba kwa ujumbe mfupi, kisha piga usomewe na muuzaji alichoandika, herufi moja moja. Angalia sifuri na O, moja na I. Kwenye namba zile za 17, herufi I, O na Q hazitumiki kabisa, kwa hiyo ukiiona O hapo, ni sifuri. Na usitupe kifaa cha zamani mpaka kipya kifungwe na gari litembee. Mafundi wengine hukiuza kama chuma chakavu kabla hujafika.

Alhamisi iliyopita mzee alinipigia. Mzigo wa pili ulikuwa umefika, rula imewekwa, inchi 11. Lakini fundi amegundua silinda ya breki ya gurudumu moja inavuja, na namba yake imefutika kabisa. Kipindi cha Jumamosi tutakuwa na fundi studio kuzungumzia hilo hasa: kifaa kisicho na namba kinapimwaje. Wenye pikipiki, maswali yenu kuhusu cheni na sproketi tumeyapokea, yatafuata baada ya hapo.