Watu wawili, mvukuto mmoja



Ninyi vijana, mara mingi tunasikia munasema: "Siye tunapenda kupiga muziki, lakini hatuna vyombo. Gitaa ya umeme iko bei kali, na umeme wenyewe unakatika." Sawa. Leo tuzungumze juu ya chombo kisichoomba umeme, na juu ya watu wawili tu wanaotosha kuchezesha watu. Chombo hicho ni akordeoni. Watu wa pwani wanakiita kodiani.

Unajua mvukuto? Wafua mukuba wa zamani hapa Katanga waliutumia kupuliza moto. Akordeoni nayo iko na mvukuto, lakini hewa yake inapita kwenye ndimi ndogo za chuma, nazo zinatetema na kutoa sauti. Ile ndogo ya vifungo ina siri yake: kifungo kimoja ukikibonyeza na kufunga mvukuto, unasikia sauti moja, ukivuta, unasikia ingine. Njo maana mpigaji anapumua pamoja na chombo chake. Cyrill Demian aliandikisha chombo cha namna hiyo kule Vienna, Austria, mwaka 1829. Kisha mabaharia na walowezi wakakieneza mpaka Afrika.

Sasa twende kidogo kwa Wakikuyu wa Kenya. Waliona Wazungu wakicheza densi za kwao, bwana na bibi wakishikana. Wakaichukua akordeoni, lakini hawakubaki kuiga tu. Walitia ndani lugha yao, mambo yao na mwendo wao, ikawa mwomboko, ngoma iliyopendwa sana miaka ya 1940. Angalia wapigaji wake: mmoja anavuta akordeoni na kuimba, mwenzake anapiga karing'aring'a, duara ya chuma inayogongwa kwa chuma kingine. Basi! Wa kwanza anabeba wimbo, wa pili anashika mwendo. Huyu wa chuma akipotea, wachezaji wote wanapotea hatua. Kwa hiyo usimwite msaidizi.

Na kwetu Kongo? Kule Léopoldville, siku hizi Kinshasa, Camille Feruzi alijulikana sana kwa akordeoni, mbele gitaa haijatawala rumba. Hapa Katanga gitaa njo ilishinda, na yenyewe pia ilitoka mbali. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, alimkuta Mwenda Jean Bosco hapahapa Jadotville, ndiyo Likasi yetu, akarekodi "Masanga". Mtu mmoja, gitaa moja. Hakungojea orkestra.

Lakini kuna neno la kuhuzunisha. Akordeoni inakufa polepole ndani ya sanduku. Kutu inakula ndimi zake, mvukuto unapasuka, na mzee aliyejua kuipiga anaondoka na ufundi wa vidole vyake. Bosco alifariki mwaka 1990, na tunamsikia mpaka leo kwa sababu kuna mtu alisimama, akamsikiliza na kumrekodi. Wazee wangapi walipiga vizuri, na leo hatuna hata wimbo wao mmoja?

Wewe kijana, telefone yako mfukoni inaweza kurekodi. Kama kwenye avenue yenu kuna mzee anayejua akordeoni, gitaa ao likembe, nenda kwake Jumapili mchana. Msalimie kwa heshima, mwombe apige. Rekodi. Muulize jina la wimbo na nani alimfundisha, uandike. Kisha mwombe akuonyeshe namna ya kuweka vidole. Na ninyi bamama na bababa, kama chombo cha babu kinalala juu ya kabati, musikiuze kwa bei ya vyuma vikuukuu. Kwanza muulizeni mtoto.

Halafu, kijana, tafuta mwenzako mmoja wa kushika mwendo. Chuma cha kugonga hakikosekani hapa kwetu.

Tuonane mwezi ujao.