Maoni: Amani ipimwe kwa barabara, si kwa karatasi peke yake

Mashariki mwa Ufaransa, katika jimbo la Alsace, kuna njia inayoitwa Barabara ya Divai. Ilifunguliwa mwaka 1953. Ina urefu wa karibu kilomita 170, kutoka Marlenheim hadi Thann, chini ya milima ya Vosges. Wakati wa likizo, marafiki wawili wanapanda kinga zao asubuhi na kupita kati ya mashamba ya mizabibu, kilima baada ya kilima. Mmoja akichoka, mwenzake anamngojea juu. Mchana wanapumzika Riquewihr au Kaysersberg, wanakula, wanaonja divai kidogo, wanaendelea. Hakuna barieri. Hakuna anayewauliza wao ni watu wa nani.

Mtu wa Masisi au Rutshuru akisikia hayo anaweza kusema kwamba ni mambo ya watu wenye pesa, hayamhusu mama anayelala chini ya hema. Lakini vilima hivyo vina historia ambayo mama huyo ataitambua mara moja.

Kati ya mwaka 1871 na 1945, Alsace ilibadilisha utawala mara nne, kati ya Ujerumani na Ufaransa. Mwezi wa 9 mwaka 1939, wakaaji wa Strasbourg na wa vijiji vya kando ya mto Rhine waliamriwa kuhama. Wengi walipelekwa Dordogne, mbali sana, kusini-magharibi mwa nchi. Mwezi wa 12 mwaka 1944 mapigano yaliingia ndani ya mizabibu karibu na Colmar. Bennwihr, Sigolsheim, Mittelwihr na Ammerschwihr ziliharibiwa karibu zote. Familia zilijificha katika vyumba vya chini ya nyumba, pale walipokuwa wanatunza mapipa ya divai. Hadi leo, juu ya Sigolsheim kuna makaburi ya askari, na kati yao wamo Waislamu wengi kutoka Afrika Kaskazini, waliokufa mbali na kwao.

Ni nini kilichogeuza uwanja wa vita kuwa mahali pa likizo? Si mkataba peke yake. Mkataba wa urafiki kati ya Ufaransa na Ujerumani ulitiwa sahihi mwaka 1963, miaka kumi baada ya Barabara ya Divai kufunguliwa. Kwanza mabomu yaliyotegwa mashambani yalitolewa. Nyumba zilijengwa upya. Mizabibu ilipandwa tena, na mzabibu mchanga unachukua karibu miaka mitatu kabla ya kuzaa vizuri. Wakulima waliopoteza kila kitu waliunda ushirika, wakatumia pamoja vyombo ambavyo mtu mmoja asingeweza kununua.

Hapa Kivu, familia zilizohama zinaambiwa mara kwa mara zirudi kwao. Kurudi ni kuzuri, na hakuna anayependa hema kuliko nyumba yake. Lakini anayewaambia warudi anapaswa kujibu maswali matatu. Je, shamba limekaguliwa, halina mabomu? Je, njia ya kwenda sokoni iko wazi? Je, mbegu za msimu wa kwanza zitatoka wapi? Bila majibu hayo, kurudi ni kuhamisha njaa kutoka kambini na kuipeleka kijijini.

Wa kwanza kuulizwa hali ya usalama awe mwenye chukudu. Yeye ndiye anayeshuka vilima na viazi, makaa na kabichi hadi Goma. Yeye anajua barieri ziko ngapi, nani anasimama pale na bunduki, na anadai kiasi gani. Habari zake ni za leo, wakati matangazo ya wakubwa mara nyingi ni ya kesho.

Siku ambayo vijana wawili wa Masisi watashuka mpaka mjini na mizigo yao, mmoja akimngojea mwenzake kwenye mlima, wala wasilipe mtu yeyote mwenye silaha, haitakuwa lazima kuziambia familia zirudi. Zitakuwa zimeshafunga mizigo.