Bibi akipata ulimi mzito ghafla, usiseme ni uzee

Jumapili jioni unampigia bibi simu azungumze na wajukuu. Mkimaliza, mtoto anauliza: "Mama, mbona siku hizi bibi anaongea kama ana kitu mdomoni?" Wengi wetu hujibu haraka: "Ni uzee tu, mwanangu."

Mara nyingi ni kweli. Misuli ya ulimi, midomo na taya hupungua nguvu kadiri umri unavyosonga, kama ile ya miguu, hivyo maneno hutoka taratibu. Nyuzi za sauti hukonda na pumzi hupungua, ndiyo maana sauti hukwaruza au hutetemeka. Meno ya mbele yakitoka, hata neno "fedha" huwa kazi: f huhitaji meno ya juu yaguse mdomo wa chini, na dh huhitaji ncha ya ulimi ikae kati ya meno. Mate nayo hupungua, hasa kwa wanaotumia baadhi ya dawa za presha. Kiangazi cha huku kwetu Chimwaga, na upepo wake mkavu, mzee anahitaji maji karibu.

Lakini uzee huja polepole, kwa miaka. Haumkuti mtu kati ya chai ya asubuhi na chakula cha mchana.

Mzazi wako akianza kuongea kwa shida ghafla, mwambie atabasamu, anyanyue mikono yote miwili, kisha arudie sentensi fupi. Mdomo ukipinda, mkono mmoja ukishuka au maneno yasieleweke, hata dalili moja tu, huenda ni kiharusi. Usimpe chakula, maji wala aspirini. Usimwache alale "apumzike kwanza". Mpeleke hospitali kubwa saa hiyo hiyo. Kwa walio karibu nasi, ipo Benjamin Mkapa. Kumbuka pia dalili zilianza saa ngapi, kwa sababu dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu. Dalili zikiisha zenyewe, bado nenda.

Hata mabadiliko ya polepole yana daktari wake: sauti inayofifia mwezi hadi mwezi, au kupaliwa kila anapokunywa chai.

Na watoto tuwafundishe: babu akichelewa kutamka, wasimcheke wala kummalizia neno. Wamsubiri amalize hadithi yake.